Bi Tatu binti Mwinjuma na Shimo la Gwata

Bibi yetu, Tatu binti Mwinjuma, alizaliwa hapa Gwata mwaka 1898. Wazazi wake walikuwa Mzee Mwinjuma bin Kibwana na Bi Mwanakheri binti Shomari. Alisoma Kurani kwa mjomba wake hadi akahitimu. Skuli ya serikali hakuiona, na hili tuliseme wazi hata mbele ya jeneza lake: akili haikumpungukia, mlango ndio uliofungwa.

Mwaka 1916 aliolewa Mzenga na Bwana Hemedi bin Mwinyimadi. Walilima muhogo na mpunga, naye alisuka mikeka iliyosifiwa hadi Kisarawe. Mumewe alipofariki mwaka 1938 alirudi Gwata, akajenga karibu na kaburi la mama yake.

Mwaka 1942 mkandarasi wa barabara ya serikali alichimba changarawe kando ya makaburi haya, kisha akaondoka na kutuachia shimo. Kila masika ukingo ulimomonyoka. Makaburi mawili yaliporomoka, na la Bi Mwanakheri ndilo lililofuata. Kaka yake Bi Tatu, Mzee Kibwana, alishauri mama yao ahamishwe.

"Alikataa kuhamia kwangu Mzenga akiwa hai," Bi Tatu alimjibu. "Leo ndiyo atanikubalia? Aliyechimba na aje afukie."

Serikali ilipotenga fedha za kufufua ardhi iliyotelekezwa, alikwenda bomani Kisarawe. Karani alimwambia, "Bibi, fungu hili ni la mashamba, si la makaburi." Hakubishana. Alirudi akapanda mikorosho ukingoni, maana kwetu mti ni wa aliyeupanda, na penye mti wa mtu hapaitwi pori. Bwana Shauri, ofisa wa serikali wilayani, alipokuja kukagua mashimo, aliuliza shamba lile ni la nani.

"La mama yangu," alisema Bi Tatu. "Yule pale nyuma. Ila ukimsalimu, bwana, hajibu."

Bwana Shauri alitazama kaburi lililokuwa limebakiza hatua chache lidondoke, akavua kofia.

Fedha zilitoka mwaka 1952, na vijana wa Gwata walilipwa ujira kulifukia shimo. Wapo walioiita hisani ya serikali. Bi Tatu hakulitaka neno hilo. "Mtu akikurudishia jembe lako, utamwita mkarimu?" Nasi tulio vijana tusilisahau swali hilo.

Tangu mfungo wa Ramadhani alisumbuliwa na kifua. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki jana, Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1956, akiwa amepakatwa na bintiye Mwanahalima.

Ameacha watoto wawili, Mwanahalima na Maneno. Kaka yake, Mzee Kibwana. Wajukuu, na mikorosho ambayo mwaka huu imeanza kuchanua.

Tunamzika ubavuni mwa mama yake, mahali palipokuwa shimo. Asubuhi ya leo mtani wetu Twalibu, aliyeshika jembe tangu alfajiri kama utani unavyomtaka, alisimama ndani ya kaburi akapaza sauti: "Wewe Bi Tatu! Umetusumbua miaka yote shimo lifukiwe, leo unatuchimbisha jingine!" Tulicheka, tukalia.

Hili nalo tutalifukia, bibi, kwa mikono yetu wenyewe. Udongo uliouokoa ukupokee kwa upole, na Mola akujaalie pumziko jema.