Leo Kire Anaanza

BLAGOJA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, huku ngoma zimeshaanza.

MENKA: Ni mimi, kaka. Menka.

BLAGOJA: Mama Kire! Mama wa mtu mkubwa. Hata salamu hakuna siku hizi?

MENKA: Shikamoo, Kaka Blagoja. Nisikilize—

BLAGOJA: Marahaba, marahaba. Umeona kikosi? Wametangaza sasa hivi. Namba kumi na moja, Kiril Dimov. Anaanza. Si benchi, mama, anaanza. Miezi minne tunampigia kocha kelele za Kire, Kire, leo kasalimu amri mwenyewe.

MENKA: Nimeona. Ndiyo maana napiga. Uko wapi hapo?

BLAGOJA: Niwe wapi tena? Jukwaani, nyuma ya goli la upande wa kiwandani. Hebu sikia hii—

(kelele za watu, ngoma)

MENKA: Blagoja, rudisha simu sikioni. Blagoja.

BLAGOJA: Umesikia? Jina la mwanao hilo. Na wewe uko Nowra, kwenye nyumba ya wazee, unawalisha uji. Nilikwambia uombe ruhusa, ukaniona mpiga porojo.

MENKA: Nimejifungia stoo ya kazini, nina dakika chache. Goti la Kire limechanika.

BLAGOJA: Nini? Mtandao unakoroma. Rudia.

MENKA: Goti. La kulia. Kano ya ndani imechanika nusu.

BLAGOJA: Nani kasema?

MENKA: Picha imesema. Alikwenda kupigwa picha ya goti kimya kimya, Shellharbour, Jumatatu. Hakuniambia mimi wala daktari wa timu. Ila kwa kuwa hajafikisha miaka kumi na nane, majibu wakanipigia mimi. Ijumaa. Wakaacha ujumbe wa sauti.

BLAGOJA: Ijumaa? Na leo Jumapili.

MENKA: Najua leo ni nini. Niliona namba siijui, nikadhani ni wale wa umeme. Nimeusikiliza sasa hivi, wakati wa chai. Nimeusikiliza mara tatu.

BLAGOJA: Wanasemaje hasa?

MENKA: Asikimbie. Asigeuke ghafla. Akijipinda vibaya mara moja tu kano inakatika yote, na hapo hatuzungumzii mpira tena, tunazungumzia kutembea.

BLAGOJA: Madaktari wa nchi hii waoga, Mama Kire. Mimi goti langu waliniambia maneno hayohayo mwaka themanini na sita, na nimesimama kwenye tanuru miaka thelathini baada ya hapo.

MENKA: Na ngazi za nyumbani kwako unazishuka kinyumenyume.

BLAGOJA: Haya, hilo kweli.

MENKA: Kaka, usinifanyie masihara leo. Sina nguvu hizo.

BLAGOJA: Sikufanyii masihara. Mpigie basi.

MENKA: Simu zao zinakusanywa saa mbili kabla ya mechi, wewe unajua. Ofisini kwa timu inaita mpaka inapokea mashine. Baba yake yuko migodini Pilbara, hapatikani mpaka jioni. Mtu niliye naye ndani ya uwanja huo ni wewe peke yako.

BLAGOJA: Mbona mwenyewe hajasema? Mdomo si anao?

MENKA: Unataka nikwambie kwa nini hajasema?

BLAGOJA: Mtandao huu—

MENKA: Mtandao mzima kabisa. Jumatano ulikuja kwangu na pilipili zako za kuchoma na chupa ya rakija, ile pombe yako kali. Ukala, ukashiba. Ukasimama na glasi mkononi, mbele ya bibi yake, mbele ya wadogo zake, ukamwambia, "Mwanangu, mimi niliyekutoa kwenye maji ya ubatizo, mimi niliyekukata nywele za kwanza, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Jumapili ututoe shimoni." Ulisema, hukusema?

BLAGOJA: Nilisema kwa furaha.

MENKA: Wewe ni baba yake wa ubatizo. Ulitegemea akujibu nini? Kwetu nani amewahi kumkatalia baba wa ubatizo? Babu yangu alimpa wa kwake nusu ya shamba la mizabibu kwa sababu aliliomba tu, tena akiwa amelewa. Asubuhi mtu mwenyewe hakumbuki, na shamba limeshapimwa.

BLAGOJA: Mambo ya zamani hayo.

MENKA: Ya Jumatano. Alhamisi Kire alikuwa aende kwa daktari wa timu akaseme ukweli. Alishamweleza bibi yake. Ulipoondoka akamwambia, "Bibi, basi tena, nimeshampa neno." Nimempigia mama mkwe sasa hivi, analia tu. Ananiambia kijana ameondoka asubuhi amejifunga bandeji chini ya soksi ndefu, na vidonge vya maumivu kwenye begi.

BLAGOJA: Sikujua, Menka. Nakuapia.

MENKA: Hukujua kuhusu picha. Sawa.

BLAGOJA: "Sawa" hiyo ina maana gani?

MENKA: Alikusindikiza mpaka kwenye gari usiku ule. Nilikuwa dirishani. Alishuka zile ngazi nne za barazani mguu mmoja mmoja, ameshika ukuta. Na wewe ulisimama chini unamtazama.

(ngoma)

MENKA: Kaka Blagoja.

BLAGOJA: Nipo.

MENKA: Ulimwona.

BLAGOJA: Nilimwona.

MENKA: Basi.

BLAGOJA: Na wewe ulikuwa dirishani.

MENKA: Na mimi nilikuwa dirishani. Nikajiambia ni uchovu wa mazoezi. Nilitaka iwe uchovu.

BLAGOJA: Hata mimi. Nikaingia kwenye gari nikawasha redio. Menka, tukishuka daraja leo timu hii imekwisha. Akademia wanaifunga, wametamka wenyewe. Na mimi tangu nitoke kiwandani nina nini? Nina Jumapili. Wanangu wako Brisbane, nawasikia Krismasi. Nilitaka mmoja wetu, mtoto aliyeanza kuupiga mpira hapo nyuma ya kanisa Cringila, aje atutoe. Si hawa wa kununuliwa ambao hata jina la mtaa hawalijui.

MENKA: Nakuelewa. Haki ya Mungu nakuelewa—

BLAGOJA: Dakika sitini tu. Afunge moja, tumtoe—

MENKA: Blagoja. Umemsahau Goran wa Warrawong? Mlimwimbia miezi mitatu, mkamzomea wiki mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa anapakia magodoro Unanderra. Tukikutana dukani anainamisha kichwa, anajiona alitukosea sisi sote.

BLAGOJA: Kire hatazomewa. Mimi nikiwepo—

MENKA: Kire ana miaka kumi na saba.

BLAGOJA: Nifanyeje? Niambie.

MENKA: Shuka. Nenda kwenye mlango wa wachezaji. Mtafute yeye mwenyewe, umwambie ombi lako umelifuta. Akuone uso, akusikie. Mimi nikimwambia atasema mama ana woga. Neno lako hawezi kulitengua mtu mwingine.

BLAGOJA: Zimebaki dakika ngapi?

MENKA: Sita.

BLAGOJA: Naenda. Nipishe, mwanangu, nipishe. Hapana, siendi kuleta bia. Nipishe, bwana.

MENKA: Usikate simu.

BLAGOJA: Sikati. Aa, hawa nao. Subirini kidogo. Msifungue bado, jamani, msifungue—

MENKA: Nini tena?

BLAGOJA: Kitambaa. Wameshakifungua.

MENKA: Kitambaa gani?

BLAGOJA: Cha Kire. Uso wake, mita ishirini. Tumekishona wiki tatu ukumbini kanisani, tulitaka iwe siri kwenu. Kiko juu yetu sasa hivi, sioni mbele. Kila mtu ameinua mikono. Shusheni upande huu nipite. Hawasikii.

MENKA: Inama. Pita kwa chini.

BLAGOJA: Natambaa. Samahani. Samahani, mama. Mimi mwenyewe niliwaambia wakishike mpaka timu ziingie, wasishushe hata wakitishwa.

MENKA: Umefika wapi?

BLAGOJA: Nimetoka. Niko kwenye njia. (anahema) Hapa kuna kijana mlinzi wa koti la njano. Kijana, nipitishe, nina neno na Kire. Mimi ni baba yake. Wa ubatizo. Hapana, sijalewa. Nimekunywa mbili tu.

MENKA: Nipe huyo kijana niongee naye.

BLAGOJA: Anakataa simu. Anasema kila mtu leo ni baba yake Kire. Anasema wameshatoka vyumbani, wamepanga mstari.

MENKA: Nenda kwenye uzio.

BLAGOJA: Ndiko ninakokwenda. Goti hili nalo. Nimefika. Wanatoka, Menka. Namwona.

MENKA: Anatembeaje?

BLAGOJA: Wima. Huwezi kujua kitu. Ameshikwa mkono na katoto. Kire! Kire, mwanangu, huku!

MENKA: Amekusikia?

BLAGOJA: Watu elfu tatu wanaita jina hilohilo. Mimi wa kusikika ni nani?

MENKA: Mwoneshe kwa mikono. Mwoneshe goti.

BLAGOJA: Anatafuta jukwaani. Ameniona. Ananitazama. Namfanyia hapana, naonesha goti, hapana—

MENKA: Enhe? Kaka? Enhe?

BLAGOJA: Ametabasamu.

MENKA: Ametabasamu vipi?

BLAGOJA: Amejipiga kifua mara mbili, akaninyooshea kidole. Menka, anadhani namkumbusha ahadi yake.

MENKA: Yesu wangu.

BLAGOJA: Naruka uzio.

MENKA: Utaruka na miguu ipi?

BLAGOJA: Niachie, kijana. Niachie koti. Basi usiniachie, lakini niitie daktari wa timu. Yule pale mwenye mkoba. Mwite. Nakuomba kama mwanangu, mwite tu, halafu nitoe nje ya uwanja milele.

MENKA: Anamwita?

BLAGOJA: Anamwita. Kijana mzuri huyu.

(filimbi)

MENKA: Filimbi hiyo?

BLAGOJA: Wameanza.

MENKA: Kwangu bado wanapeana mikono. Nimewasha tableti ya kazini, matangazo yanachelewa, nusu dakika au zaidi.

BLAGOJA: Usiangalie.

MENKA: Basi nisimulie wewe.

BLAGOJA: Yuko kushoto, mpira hauko kwake. Daktari anakuja. Dokta, sikiliza, namba kumi na moja, goti la kulia, kano imechanika, mama yake ana majibu ya picha, yuko hapa kwenye simu. Ongea naye. Shika.

MENKA: Dokta? Dokta, mimi ni mama yake. Imechanika nusu, wamesema asikimbie. Picha ya Jumatatu. Hakuna mtu nyumbani aliyesaini acheze hivyo, ana miaka kumi na saba. Mtoeni. Nawasihi, mtoeni.

(kelele za mbali)

MENKA: Dokta?

BLAGOJA: Ni mimi, amenirudishia simu. Ameondoka mbio. Yuko kwa kocha. Wanaongea. Kocha ananitazama huku.

MENKA: Anasemaje?

BLAGOJA: Anakunja uso. Ngoja. Ngoja kwanza. Amemwita mmoja wa akiba. Anavua koti. Anavua, Menka! Wanamtoa.

MENKA: Kweli?

BLAGOJA: Kweli kabisa, mwamuzi wa mezani ameshika ubao, namba kumi na moja naiona kwa macho yangu. Mpira ukitoka nje tu, anatoka.

MENKA: Ahsante. Ahsante, kaka. Mungu akuweke. Nimekaa juu ya gunia la viazi.

BLAGOJA: Kaa hapohapo. Watu wameuona ubao, wameanza kupiga miluzi. Wanamtukana kocha. Acha watukane.

MENKA: Waache. Kwangu ubao bado hata haujaoneshwa.

BLAGOJA: Utoke basi, mpira huu. Utoke. Wapinzani hawa wa Sydney wanapasiana tu. Wetu wameunyang'anya. Huyu anautuma wapi? Si huko. Usimpe huko, usimpe Kire—

MENKA: Amepewa?

BLAGOJA: Amepewa. Piga nje. Mwanangu, piga nje, uache utoke. Hajaona ubao. Anakwenda nao—

(kelele kubwa, inapanda)

MENKA: Kaka, wanashangilia nini?

(kelele zinakatika ghafla, ngoma moja inapigwa, nayo inanyamaza)

MENKA: Mbona wamenyamaza? Kaka Blagoja. Uwanja mzima umenyamaza, nasikia pumzi zako tu.

BLAGOJA: Zima tableti.

MENKA: Ametoka? Mpira umetoka?

BLAGOJA: Zima, Menka. Nakuomba.

MENKA: Kwangu amepewa mpira sasa hivi.

BLAGOJA: Dada yangu, zima.

MENKA: Amempita mmoja. Bado anakimbia, kaka. Huku kwangu bado anakimbia.