Mama Wangapi Anastaafu, Wivu Wangu Unabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wa Kitengo cha Takwimu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa meza zetu zinatazamana. Wangemtafuta mtu asiyemwonea wivu wangepata maneno matamu zaidi, lakini wangepata mtu asiyemjua.

Tuliajiriwa mimi naye wiki ileile, tukiwa na shahada ileile ya chuo kilekile, na alama zangu zilikuwa juu kidogo kuliko zake. Nalisema hilo mapema kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Alianza kwa kupanga majalada ya wagonjwa wa kisukari, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo, cheo ambacho mimi pia nilikiomba. Siku majibu yalipotoka aliniletea chai mezani. Niliinywa kwa kinyongo, na ilikuwa tamu.

Jina la Mama Wangapi alilipata kwa muuza dawa mmoja. Huyo bwana alikuja kwenye mkutano wa madaktari na kalamu za bure, akatangaza kuwa kidonge chake kinapunguza hatari ya kiharusi kwa nusu. Madaktari wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mwenzetu akauliza kwa upole: nusu ya wangapi? Bwana akapekua makaratasi, akakohoa, mwisho akakiri kwamba bila kidonge wanaougua ni wawili katika elfu moja, na kwa kidonge ni mmoja. Swali hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu! Alinitangulia kidogo tu, na sifa zikaenda kwake.

Halafu kuna vikombe. Daktari mgeni alisoma kwamba wanaopona baada ya upasuaji fulani ni watatu kwa kila mmoja asiyepona, akawaambia ndugu wa mgonjwa kuwa theluthi moja hawaponi. Mimi niliandika waraka wa kurasa mbili kueleza makosa yake, nikaubandika ubaoni, ukakaa hapo mpaka ukafifia. Mama Wangapi alipanga vikombe vinne kwenye meza ya chai, akafudikiza kimoja. Watatu wamepona, mmoja hakupona, jumla wanne. Kwa hiyo asiyepona ni robo. Daktari alielewa chai ikiwa bado ya moto, akarudi mbio kwa wale ndugu. Hadithi ya vikombe inasimuliwa hadi jikoni. Waraka wangu hakuna anayeukumbuka, na ulikuwa sahihi mpaka kwenye nukta.

Haya yote ningeyameza. Lililonikaa rohoni ni la mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Kipimo cha awali cha titi kilionyesha huenda ana saratani. Akasoma kwamba kati ya wanawake mia wasioumwa, kipimo hicho huwatisha bure watano tu, akaona basi yeye ana tisini na tano kwa mia ya kuumwa, akajihesabu maiti. Akagoma kurudi kwa kipimo cha sindano, akaanza kugawa nguo zake. Nilimketisha sebuleni kwangu, nikamwandikia kanuni, nikamtajia asilimia. Alilia, akaniambia, "Dada, mimi naumwa, wewe unanifundisha hesabu."

Nikamleta kazini shingo upande. Mama Wangapi alikaa naye kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, akamwambia afikirie wanawake elfu moja kama yeye. Tuseme kumi wanaumwa. Kipimo kinawanasa tisa. Lakini katika wale mia tisa na tisini walio wazima, kipimo hichohicho kinawatisha karibu hamsini. Wote hao wamepewa jibu kama lake, na wangeyajaza mabenchi haya yote. "Wagonjwa wapo tisa, mdogo wangu. Nani na nani, sijui. Sindano ndiyo itatuambia." Mdogo wangu, amwite yeye, mbele yangu! Naye akafuta machozi, akaenda kupanga foleni ya sindano.

Alikuwa mmoja wa wale tisa.

Jibu lilipotoka, katikati ya hofu yangu, kuna kipembe cha moyo kilichongoja kumsikia akimlaani Mama Wangapi. Hakumlaani. Alisema tu, "Aliniambia tisa wapo. Hakunificha." Uvimbe ulikuwa bado mdogo, ukatolewa. Kila alipokwenda kuwekewa dawa aliomba mkuu wangu wa kazi amshike mkono, na mimi nikawa mbeba mkoba.

Leo ni mzima, anadunda, na Jumamosi zote za Mama Wangapi ameshaziwekea mipango. Kwangu, ambako ni karibu zaidi, atapita akipata nafasi.

Mama Wangapi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kukupikia wewe badala ya wewe kuwapikia. Wivu wangu sikuahidi kuuacha. Lakini kuliko mdogo wa kunipenda mimi peke yangu aliye kaburini, nampokea huyu aliye hai anayekupenda wewe zaidi. Ishi vyema, dada. Na Jumamosi mdogo wetu akibisha hodi, mfungulie.