Foleni ya Kwa Hosiana

Ukitoka stendi ya Babati kuelekea Bonga, kabla hujaona kitu kingine utaliona benchi refu, birika la Hamdani muuza kahawa likifuka, na wanaume watatu wanaojua kila kitu. Benchi limekaa barazani kwa Faudhia, binti aliyemaliza chuo akafungua duka la madera, kanga na zile nguo nyingine ambazo wanaume wa kijiweni huzitaja kwa kukohoa. Hakuna aliyeliomba benchi hilo, lilifuata kivuli. Asubuhi hiyo Faudhia alisimama mlangoni, nyuma ya migongo yao, moyo mzito. Baba yake alishasema: mwezi ukiisha duka likiwa hivi hivi bila wateja, arudi kijijini Mutuka kulima mbaazi. Na ng'ambo ya barabara, kwa Hosiana, duka kama lake, mzigo uleule wa Arusha, foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu.

— Tazameni wenyewe, alisema Salimu, aitwaye Semina kwa sababu hajawahi kukosa semina ya ujasiriamali yenye soda. Na leo ni Jumanne! Wallahi yule si mtu, ni chuo kikuu.

— Hana hata bango, alisema Festo Data, ambaye bando lake haliishi. Nimemtafuta Instagram, hayupo. TikTok, hayupo. Mtu hayupo mtandaoni na ana foleni! Hapo ndipo ninapomwogopa.

Faudhia alichungulia juu ya kofia ya Mzee Gidamis, wa tatu pale benchini. Hosiana alikuwa anamsindikiza mteja mpaka kwenye bodaboda, amemshika mkono kama dada yake. Ghafla akamwona mwingine kwa mbali, akapaza sauti:

— Mama Elieshi! Ile rangi ya udongo uliyoniambia siku ya msiba, imekuja!

Mama Elieshi akakatisha barabara mbio. Chuoni Faudhia alisoma utafiti wa soko muhula mzima. Hosiana alikuwa ameufanya msibani, huku anamenya vitunguu.

— Tatizo lako dada ni jina, Semina alimgeukia. Umeandika "Faudhia Madera". Andika "Faudhia wa Dubai".

— Dubai ipi, kaka Salimu? Mzigo unatoka Arusha.

— Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo tembeza!

— Kwa hiyo changu ni kibaya?

— Mimi sijasema. Wahenga ndio wamesema.

Mzee Gidamis, aliyechunga ng'ombe Hanang kabla ya kugeuka mkulima wa Nangara, aliweka kikombe chini.

— Ng'ombe akimwona mwenzake ameinama majini, naye anainama. Wale wa mbele kwenye foleni ni wa kwake, mwanangu. Amewaleta alfajiri kutoka Bonga. Kwa trekta.

— Babu, wale ni walimu wa shule ya msingi.

— Walimu hawapandi trekta?

— Mimi nilisikia ni kiboko, alisema Hamdani, akimimina kahawa.

— Kiboko gani?

— Wa ziwani. Hosiana anamtupia majani alfajiri, kiboko anashiba, anapiga miayo kuelekea mjini. Upepo ule ndio unaosukuma watu upande wake.

— Inawezekana, Data aliafiki. Hata mtandao ni hivyo hivyo. Unaulisha bando, hujui unakula nini.

Faudhia hakuvumilia tena.

— Jamani! Mwanamke akifanikiwa ni lazima kiboko apige miayo? Hamwezi kusema tu anaijua kazi yake?

— Tunamsifu, binti! Gidamis alishangaa. Akili ya kawaida haifiki pale.

— Mmekaa hapa tangu mwezi wa kwanza mnanishauri, na siuzi!

— Bila sisi ungeuza? aliuliza Semina, ameumia kweli. Kwenye semina walitufundisha: penye watu pana biashara. Sisi ndio watu. Penye miti hapana wajenzi, lakini hapa wajenzi tupo, tena bure.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye mwavuli alisimama kwenye ncha ya benchi, mgeni wa mtaa. Adabu ilimkatalia kuwapita wakubwa kimya.

— Shikamoo babu.

— Marahaba. Habari za nyumbani? Mzee hajambo? Watoto?

Akajibu yote. Akamwamkia Semina, naye akauliza yale yale. Akamwamkia Hamdani. Akamsalimu Data.

— Karibu dada, alisema Semina. Unahitaji nini, tukusaidie?

Mwanamke aliangalia ndani kwa Faudhia, kwenye zile nguo nyingine, kisha akaangalia chini.

— Samahanini, alisema kwa sauti ndogo. Sisi wanawake tunapita wapi?

Data alitazama simu. Gidamis alitazama kushoto, kulikuwa na ukuta. Kulia, kulikuwa na magoti ya Semina. Hamdani aliinamisha birika, halikutoa kitu.

— Shikamoo babu, alisema Faudhia taratibu.

— Marahaba.

— Inukeni.

Waliinuka. Mwanamke alipita, akafunga mwavuli, akaingia, na kabla hajaongea mwingine alikuwa anakuja nyuma yake. Wanaume walibaki wamelishika benchi hewani, hawana pa kulitua.

— Kule ng'ambo kuna turubai, alisema Gidamis. Kivuli kizuri.

Wakavuka nalo. Hosiana aliwaona wangali katikati ya barabara. Akatoka na ndoo, akamwaga maji yote barazani, pale pale penye kivuli, huku akiwaamkia mmoja mmoja kwa heshima zote.