Bakuli la Mahindi Lapanda Treni

Muuza vyombo aliyeketi mkabala nami alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kurudishiwa mzigo. "Bakuli hili limetengenezwa kwa wanga wa mahindi, dada. Ukilitupa linaoza. Na joto linalistahimili."

"Joto kiasi gani?" aliuliza mpishi aliyekaa pembeni yake. Walikuwa wamefahamiana kwa vituo viwili tu. Kesho yake mpishi alipaswa kupeleka supu wodi ya wazazi, na hospitali ilishakataa vyombo vya plastiki vya zamani.

"Nyuzi hamsini na tano."

"Supu yangu inatoka jikoni ikitokota, kaka. Mzazi anaipakata mapajani. Nimwambie aipepee kwanza?"

"Mimina chochote, utashangaa mwenyewe!"

Mpishi hakuhitaji kubembelezwa. Alifungua chupa yake ya chai ya moto, akamimina kwenye bakuli mkononi mwa muuzaji. Mimi nilirudisha miguu chini ya kiti, maana imani yangu haikufikia ya muuzaji.

Bakuli lilitulia, muuzaji akatabasamu. Kisha ubavu ukaanza kulegea, tumbo likatoka, naye akaongeza mkono wa pili.

"Tunayo mengine, yaliyookwa tena kiwandani yakakaza," alisema, sauti ileile. "Yale hata maji yachemke, hayalegei."

"Basi ungebeba hayo."

Treni ikasimama kituo cha muuzaji. Akainuka, bakuli mikononi, chai imefika ukingoni, macho hayabanduki kwenye bakuli.

"Taratibu, kaka," mpishi akamwambia. "Mtoto bado hajakaza shingo."