Jogoo Niliyempelekea Daktari

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na mdomo uliochelewa kama wangu! Nitaanza na kosa, kwa sababu nikianza na sifa nitajificha humo. Nilimpelekea jogoo wa shukrani mtu aliyemdhalilisha dada yangu, na dada mwenyewe nikamlazimisha apige goti.

Mnanifahamu. Mimi ni yule kijana wa mtaa wa Lizaboni mnayemwita Profesa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuokota kwenye marundo ya mitumba. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyoka. Nikiandika barua na neno moja likachafuka, natupa ukurasa mzima. Nilidhani huo ni uadilifu. Ndugu zangu, ulikuwa woga tu!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, zahanati za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa tena mjini. Hospitali ya serikali uliandikiwa dawa ukaambiwa ukanunue. Kwa hiyo daktari mmoja alipofungua zahanati yake, yenye dawa kabatini na pazia jeupe, tulimshukuru Mungu. Dada yangu Skolastika, mama wa watoto wawili, alikuwa ameumwa sikio la kushoto wiki nzima. Mimi ndiye niliyemwambia aende pale, na mimi ndiye niliyemsindikiza.

Nilikaa kwenye benchi. Nesi alitumwa nje akachote maji, na ndoo imejaa pale mlangoni. Niliiona. Kisha komeo likafungwa kwa ndani. Nililisikia. Dada alipotoka hakunitazama. Tulipokaribia nyumbani akaniambia kwamba daktari alimwamuru avue nguo, akamshika mahali ambapo mgonjwa wa sikio hana sababu ya kushikwa. Alipousukuma mkono wake aliambiwa atulie, asijifanye mshamba.

Nilimjibuje? Nilisema, "Dada, huenda ndivyo vipimo vya kisasa vilivyo. Wewe na mimi si wataalamu." Nikaingia ndani, nikafungua kitabu changu cha afya, nikaanza kutafuta ukurasa wa kumtetea yule mtu. Dada akasimama mlangoni.

"Haya, Profesa. Kitabu chako kinasema sikio liko wapi?"

Nilifunua ukurasa mwingine.

Siku chache baadaye mama, ambaye hatukumwambia kitu, akakamata jogoo. Kwetu aliyekutibu hupelekewa shukrani, na mgonjwa huipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili, akipiga goti. Usipofanya hivyo unaonekana hukulelewa. Dada alikataa. Nikamsihi, nikamkaripia, nikamuuliza watu watatuonaje. Akaenda, nami nyuma yake. Alipiga goti bila kuinua macho, na yule daktari akacheka: "Umeona sasa? Tumeelewana." Mpaka leo kicheko kile hunijia nikiwa katikati ya kula, nikaacha chakula.

Tangu siku hiyo dada hakutaka kuonwa na daktari yeyote. Sikio likatoa usaha. Mimi nikaanza kuandika barua ya malalamiko, lakini niliandika "alimgusa vibaya", nikafuta. Nikaandika "alikiuka maadili ya kazi", nikafuta. Mwezi ukapita. Barua ilizidi kupendeza, na dada alizidi kutosikia.

Alasiri moja akina mama walikuwa uani kwetu wakipukuchua mahindi. Jirani yetu, Mama Betha, akasema kesho anakwenda zahanati ile akatazamwe mgongo. Dada akaweka gunzi chini.

"Usiingie mle peke yako."

"Kwa nini, mlongo wangu, ndugu yangu? Kuna chatu?"

Wanawake wakacheka. Dada hakucheka. Alinitazama mimi.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponishika! Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Niliona tu kwamba nikinyamaza, kesho mwanamke mwingine atalala nyuma ya lile pazia, na huyo naye nitakuwa nimemsindikiza. Nikawaambia yote aliyotendewa dada mle ndani. Nilikwama mara tatu. Nilipomaliza, mama alikuwa ameangusha ungo na mahindi yametapakaa, hakuna aliyeyaokota.

Asubuhi tulikwenda kwa mganga mkuu wa wilaya: mimi, dada, mama na Mama Betha. Barua yangu ilikuwa na madoa mawili ya wino. Dada alieleza mwenyewe, kwa maneno yake: siku, chumba, komeo, mkono. Baada ya juma moja tukaitwa tena, safari hii na daktari na nesi wake wakiwapo. Yule mtu alikuja akitabasamu.

"Mheshimiwa, hawa waliniletea jogoo. Huyu mgonjwa mwenyewe alinipigia goti. Aliyeonewa hushukuru?"

Mganga mkuu akaweka kalamu mezani. Nikaona neno la dada yangu linazama, na aliyelizamisha ni mimi. Maisha yangu yote nilikuwa nimeikimbia siku ya kusimama mbele za watu nikiwa mkosaji. Nikasimama.

"Shikamoo mzee. Huyo jogoo, mimi ndiye niliyemlazimisha dada amlete. Dada aliniambia siku ileile, kabla ya jogoo. Sikutaka kumsikia, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kwa huyu."

Mama alikuwa anasikia hilo la kumlazimisha dada kwa mara ya kwanza. Alifunika uso kwa khanga. Ndipo nesi akasema, taratibu, akitazama sakafu, "Na mimi hutumwa maji hata ndoo ikiwa imejaa. Akija mwanamke peke yake, hutumwa." Asifiwe Bwana aliyemfungua kinywa!

Sitawadanganya kwamba yaliisha vizuri. Zahanati ilifungwa, faili likaenda polisi, na yule mtu akatoroka mjini kabla hajakamatwa. Sijui yuko wapi, wala anamtibu nani. Sikio la dada limekufa. Wapo wanaomsema akipita, upande wa sikio hilo, wakijua hasikii, nami nasikia.

Lakini namshukuru Mungu aliyenitoa katika woga wangu, naye hakunitoa kwa kunificha. Mtumainini, ndugu zangu! Mtumainini, na mseme. Daktari mwema hukueleza anachotaka kufanya na kwa nini. Hakatai nesi au ndugu yako abaki. Ukisema hapana, anaacha. Ukiona kinyume, toka humo, mwambie mtu unayemwamini, nenda kwa mganga mkuu au polisi siku hiyohiyo, hata kama maneno hayajanyooka. Kama ulichelewa, nenda hivyohivyo. Kama uliwahi kumshukuru kwa hofu, nenda hivyohivyo. Kosa si lako.

Siku hizi mtu akiniambia alivyotendewa, simuulizi kama ana uhakika. Namuuliza anataka tuanzie ofisi gani, kisha navaa viatu.