Mikono Mfukoni kwa Miaka Thelathini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mratibu wa mafunzo ya wasaidizi wa kufundisha katika Kitivo cha Uhandisi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wasaidizi wote humwita Mama Mfukoni, jina ambalo kwa muda mrefu tulidhani halijui. Analijua.

Alianza kama fundi wa maabara ya umeme, kile chumba cha chini kinachotetemeka pampu ya maji ikiwashwa. Huko aliona jambo moja likijirudia: wahitimu wetu bora, wakibaki kusoma shahada ya uzamili, hukabidhiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuambiwa wafundishe, bila yeyote kuwaonyesha namna. Akaomba wiki mbili kabla ya kila muhula awafunde. Alizipata mwaka wa tisa wa kuomba.

Kanuni zake ni mbili. Kwenye semina, ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kujijibu mwenyewe. Msaidizi mmoja alihesabu kwa sauti. Alipofika nane, mwanafunzi wa nyuma alijibu kwa kuhofia kitakachotokea kwenye kumi. Na maabarani, mikono yako ikae mfukoni. Saketi ni ya mwanafunzi, aiunge yeye na aikosee yeye. Kukiwa na hatari, toa mkono uzime umeme. "Fyuzi imetengenezwa iungue," husema. "Mtu hakutengenezwa hivyo."

Mwaka juzi kanuni hiyo ilipata mtihani wake. Msaidizi tunayemwita Mrefu, wa kwanza katika darasa lake, alikuwa na mikono myepesi: mwanafunzi akisitasita, yeye ameshaunga. Ripoti za kundi lake zilipendeza. Ulipofika mtihani wa vitendo, nusu yao hawakujua hata mita inashikwaje. Mkuu wa idara akataka aondolewe, na msaidizi asiyefundisha hupoteza ufadhili wa masomo. Mama Mfukoni akasema, "Nipe wiki mbili. Nikishindwa, barua yake nitampelekea mimi mwenyewe."

Kwa mazoezi yake hutafuta mwanafunzi asiyejua kitu kweli, asiyeigiza, na kwa sifa hiyo ofisi ya idara haijawahi kumwangusha. Safari hii akaitwa karani mdogo wa ofisi hiyo, anayeogopa hata mashine ya kunakili, awe mwanafunzi wa Mrefu. Mrefu alisema suruali yake haina mifuko. Mama akavua koti lake la maabara akamvika. Mikono ya koti ilimfika kwenye viwiko.

Karani alitakiwa kupima mkondo wa umeme wa taa ndogo. Akaiunga mita moja kwa moja kwenye betri, jambo ambalo mhandisi yeyote angelizuia kwa kuruka meza. Koti lilionekana likitikisika kwa ndani. Fyuzi ya mita ikakatika, karani akaomba radhi mara tatu na kutafuta mlango. "Kaa, mdogo wangu," Mrefu akasema, jasho likimtiririka. "Umeona nini?" Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Fyuzi tatu zilikwenda asubuhi ile. Kwenye ya nne karani aliiunga mita katika njia ya umeme uendao kwenye taa, taa ikawaka, namba ikatokea, na hadi leo anaweza kueleza kwa nini. Mama Mfukoni aliandika neno moja katika fomu: "Abaki." Muhula uliofuata, kundi zima la Mrefu lilifaulu mtihani wa vitendo.

Nyumbani nako hakuna msamaha. Mume wake anatuambia kwamba mjukuu wao alijifunza kufunga kamba za viatu kwa mtindo huo huo, bibi akiwa amesimama mlangoni na mikono mfukoni, na siku hiyo familia nzima ilichelewa harusini.

Kuanzia Septemba mafunzo yataendeshwa na Mrefu. Koti amelirithi, ingawa bado halimtoshi. Karani atakuwepo, akihitajika.

Asante, Mama, kwa kila ulichojizuia kutufanyia. Upumzike vizuri, afya ikukae, na mjukuu akuache ulale mchana.

Wasaidizi wote mlio ukumbini, wa zamani na wa sasa, mnaombwa kusimama na, kwa leo tu, kutoa mikono mfukoni mumpigie makofi.