Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mkuu wa Idara ya Masomo ya Amani, Ustadhi wetu, wageni waalikwa mliokubali kuvua viatu na kukaa mkekani na soksi zenu hizo, na wewe wifi yangu uliyekaa karibu na mlango: Assalaam alaikum.

Mimi ni fundi cherehani. Mwalimu wetu anastaafu, na amekataa katakata kuagwa chuoni. Kasema aagwe hapa, kwenye madrasa ya akina mama, alikotuchunguza miaka kumi na minane. Katika kitabu chake cha kwanza nimo. Msinitafute kwa jina, mimi ni Mhojiwa Namba Kumi na Saba. Wifi ni Namba Kumi na Nane, na mpaka leo analalamika kwamba nilimtangulia.

Mwalimu alikuja na dodoso la kurasa tisa. Alitaka kujua Waislamu wanaishije kwa amani, kana kwamba sisi ni saa, ukitufungua nyuma utaona kinachotuzungusha. Akauliza: "Je, katika jumuiya yenu kuna migogoro?" Mmoja baada ya mwingine tukajibu: "Hakuna, alhamdulillahi, tunaishi kama ndugu." Nami nilijibu hivyo hivyo, huku nimempa wifi mgongo. Tulikuwa na miaka sita hatusemezani! Karatasi ingejuaje? Mwalimu, masikini, akaandika kwamba sisi ni jamii tulivu.

Siku alipomaliza kutuhoji na kutuaga, Mwalimu akatoka mlango ule pale na ndara nyeusi za wifi, akidhani ni zake. Zilikuwepo ndara nyeusi kama thelathini, simlaumu. Wifi kutoka, hazioni. Mtuhumiwa nani? Hakuuliza mtu, akaja peku mpaka kibandani kwangu.

"Toa viatu vyangu!"

"Viatu gani? Una wazimu?"

"Ulimwacha mama yangu afe peke yake, sasa umehamia kwenye viatu?"

Nikaweka mkasi chini. Neno hilo nilikuwa nalisikia kwa watu miaka yote sita, ila kwa kinywa chake ndiyo kwanza. Nikamwambia: "Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Nilirudi na chupa yake mkononi, nikakuta mmeshamfunika."

Wifi akakaa palepale juu ya vitambaa vya wateja. "Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Tukalia, wallahi, mpaka gauni la bibi harusi wa watu likaloa.

Ndipo Mwalimu akatokea, ndara mkononi, anaomba radhi. Kutuona vile, macho yakamng'aa, kalamu ikatoka! Wifi akamwambia: "Mwalimu, funga hilo daftari. Keti." Akafunga. Akakaa mpaka alasiri, akanywa chai, akashona vifungo vinne, vyote kombo.

Tangu siku hiyo akaweka sharti: kila mwanafunzi wake akae nasi mwezi mzima bila daftari. Wengine walikuja wakituogopa, wengine wakituhurumia. Wote tuliwapa fagio. Wakakunja mikeka, wakabeba mabirika, wakatusikia tukigombana na tukipatana. Wakirudi chuoni, wana cha kuandika.

Sasa, Ndugu Mkuu wa Idara, tumesikia kwamba Mwalimu akiondoka, na mwezi wake unaondoka. Maswali yatakuja kwa simu. Yaje, tutajibu: hakuna, alhamdulillahi, tunaishi kama ndugu. Si ndicho mnachotaka? Lakini nakuomba, na hapa sitanii: uache mwezi ule. Mimi na wifi tulipoteza miaka sita, na inaniuma. Simu haiwezi kuondoka na viatu vya mtu.

Mwalimu, umetuandika vizuri, ingawa kitabu chako kinaleta usingizi. Kwa kosa lako la pale mlangoni, nakupenda. Kibanda changu unakijua, na vile vifungo vinakusubiri uvirekebishe.

Nimemaliza. Mliogeuka kumtazama wifi mmeona hayupo. Ndugu Mkuu wa Idara, na viatu vyako havipo. Viko kwake, nyumba ya tatu mkono wa kulia, na chai iko jikoni. Usiende na dodoso.

Ninyi wengine, asanteni kwa masikio yenu. Viatu vyenu mtavikuta.